Kadi ya Mihuri Kumi

Gari letu halilali mlangoni. Wenyeji wa Mji wa Kale hawahitaji kuelezwa sababu: vichochoro vyetu vilikatwa zama za hamali na punda, na mwenye gari hana budi kuliacha upande wa Makadara, kisha alifuate kwa miguu asubuhi, watoto mbele na mikoba ya skuli nyuma. Ni gari dogo la Kijapani, lililokwisha kutumika kwao kabla ya kutufikia sisi, na kazi yake ni ya nyumbani tu: skuli, Marikiti, hospitali, na kuwazuru jamaa siku ya Jumapili. Tunautaja mapema udogo huo wa kazi yake kwa sababu ndani yake mna nusu ya hadithi hii.

Yapata miaka mitano sasa tangu tuanze kulipeleka katika gereji moja hapa Kisiwani. Jina lake hatutalitaja, maana makusudio yetu si kumwaibisha mtu. Ilitupendeza kwa mambo ambayo akina mama watayafahamu mara moja: kulikuwa na chumba cha kungojea chenye viti na feni, choo safi, pahala pa kuswalia, na risiti iliyoandika kila kitu kwa bei yake. Mwanamke aliyewahi kusimama juani kando ya barabara, mtoto kiunoni, huku mafundi wanne wakijadili injini yake kwa kupigiana kelele, hawezi kuidharau feni.

Siku ya kwanza tulipolipa, kijana wa kaunta alitupa kadi ngumu ya rangi ya kijani yenye miraba kumi. Akatueleza kwa furaha: kila servisi muhuri mmoja, mihuri ikitimia kumi, servisi ya kumi na moja ni bure. Chini kabisa, kwa herufi za kumshinda mwenye miwani, paliandikwa kwamba masharti yatazingatiwa. Masharti yenyewe hayakuwapo kwenye kadi, na sisi, kama walivyo watu wengi, hatukuyauliza. Tuliitia kadi katika kijidroo cha gari, pamoja na tasbihi na risiti za bima, ikawa inatoka mara mbili kwa mwaka na kurudi na muhuri mpya.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa servisi ya kumi na moja. Kwa kuwa tuliijua kuwa ya bure, fedha zake tulikwisha kuzigawa: ada ya madrasa ya watoto wawili, na kilichobaki kikaingia jikoni. Gari likapandishwa, oili ya zamani ikamwagwa, nasi tukakaa chini ya feni. Tulipoitwa kaunta tulikuta hesabu ya shilingi 5,200.

"Mama, samahani," kijana akasema, "kadi hii ilishapita muda. Ni miezi kumi na miwili tangu muhuri wa kwanza."

"Mwanangu, kama ilipita muda miaka minne nyuma, nani aliyekuwa akiigonga?"

Akainama. "Nilikuwa nikigonga tu, mama. Sikuambiwa nisigonge."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana hatukuweza kumkasirikia. Lakini litazameni vizuri. Katika mihuri kumi, miwili ya mwanzo tu ndiyo iliyogongwa kadi ikiwa hai. Minane iliyofuata iligongwa juu ya maiti, mmoja baada ya mwingine, kwa wino mwekundu na tabasamu, na kila mmoja ulikuwa ukituambia tuzidi kurudi. Gari liko juu, injini haina oili, na katika simu mna shilingi 3,100. Ilitubidi kumpigia wifi yetu wa Tudor atutumie zilizopungua, mbele ya wanaume watatu waliokuwa nyuma yetu katika foleni. Meneja alitoka, mtu mpole, akatupunguzia shilingi 500 za kazi ya fundi, kisha akatupa kadi mpya na kuigonga mihuri miwili palepale. "Hii ni zawadi yetu kwenu," akasema. Tuishike hapo kidogo hiyo mihuri miwili, tutairudia.

Usiku, baada ya Isha, mtoto wetu mkubwa alileta daftari lake la hesabu akaketi mkekani. Skuli iko kilomita nne kutoka nyumbani. Gari huenda na kurudi mara mbili kwa siku, ndizo kilomita 16. Kwa siku tano za juma na majuma kama 38 ya masomo kwa mwaka, hiyo ni kilomita 3,040. Ziongezwe ziara za Jumapili na safari mbili za Malindi wakati wa likizo, mwaka mzima hautuzidishii sana kilomita 5,000. Na fundi hutwambia oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litangulialo. Kwa hivyo sisi ni watu wa servisi mbili kwa mwaka, na ni mbili kwa sababu ya kalenda, wala si kwa sababu ya mwendo. Kisiwa chetu ni kidogo. Gari lisilovuka daraja wala feri litapata wapi kilomita?

Kijana akaendelea bila ya kuombwa. Dereva wa teksi akienda kilomita 150 kwa siku, alisema, atamaliza kilomita 50,000, yaani servisi kumi, katika siku 333. Miezi kumi na mmoja. Kadi ya miezi kumi na miwili inamtosha vizuri kabisa, kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Sisi tulivishwa kanzu hiyohiyo tukaambiwa ni ya wateja wote. Familia ya Kisiwani yenye gari la skuli haikuwa na njia yoyote ya kuijaza kadi ile ndani ya muda wake, isipokuwa kumwaga oili nzuri kila majuma matano. Hilo lingeweza kujulikana tangu siku ya kwanza na yeyote aliyetaka kulihesabu. Hatukulihesabu sisi, na gereji haikuwa na haja ya kulihesabu.

Baba yao naye akauliza swali lake, ambalo kwa haki lilikuwa chungu zaidi. Fundi wa Majengo aliyekuwa akilitengeneza gari zamani, kwa oili ileile na filta ileile, angetoza shilingi ngapi? Tulimpigia simu kesho yake: 4,300. Kwa bei za leo, basi, tofauti ni shilingi 900 kila mara, na kwa mara kumi ni 9,000. Hata kama servisi ya bure ingetolewa kwa ukarimu wote, tungekuwa tumelipa 9,000 ili tupewe 5,200. Tuseme kweli: sehemu ya tofauti hiyo ilinunua feni, kiti na risiti, na kwa hayo hatujutii. Lakini tulipokuwa tukiambiana nyumbani kwa nini tusihame, hatukuwa tukisema "kwa sababu ya feni." Tulikuwa tukisema, "Tushafika muhuri wa saba, tukihama sasa tutapoteza." Mwaka wa tatu breki zilianza kulia, na gereji ikatwambia mara mbili kwamba ni vumbi. Yule wa Majengo angezifungua. Hatukumpelekea, kwa sababu ya mihuri saba.

Sasa tuirudie ile mihuri miwili ya meneja. Mwaka 2006 watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha katika jarida la Journal of Consumer Research matokeo ya jaribio walilolifanya mahali pa kuoshea magari huko Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu ya wateja walipewa kadi ya mihuri minane, ukitimiza unaoshewa gari bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri kumi, lakini miwili ikiwa imekwisha kugongwa kama zawadi. Kila mtu, kwa hakika, alihitaji kuosha gari mara nane. Hapakuwa na tofauti ya hata shilingi moja. Katika kundi la kwanza waliotimiza walikuwa 19 kwa kila mia. Katika kundi la pili walikuwa 34. Zawadi ya wino mtupu iliwafanya watu wajione wameshaanza safari, na aliyeanza safari huona uchungu kuikatiza.

Hatusemi kwamba meneja wetu aliisoma karatasi hiyo. Pengine alikuwa na huruma tu. Tunasema kwamba tulipoipokea ile kadi mpya tulihisi kitulizo moyoni, na kitulizo hicho kilikuwa kimekwisha kupimwa na watu wengine, ng'ambo ya bahari, kwa magari yenye povu. Na katika jaribio hilo kuna jambo la pili ambalo mwenye kadi anapaswa kulitazama: hata katika kundi lililofanya vizuri, watu 66 kwa kila mia hawakufika. Walilipa bei ya kila siku, wakarudi mara kadhaa, na hawakupata kitu.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa kumpendeza mteja. Marikiti, muuza mboga anapokwisha kupima hukamata konzi moja na kuitupia juu: nyongeza. Muuza viungo naye ana nyongeza yake, na mama mnunuzi huidai bila ya haya ikisahauliwa. Nyongeza hiyo inatolewa sasa hivi, mbele ya macho, mikononi, na mchicha wake unapikwa mchana huohuo. Haina namba ya siri wala tarehe ya kufa. Kadi imeichukua nyongeza hiyo ikaigeuza kuwa ahadi, na ahadi ina shida moja ambayo mchicha hauna: lazima aliyeitoa awepo, akumbuke na akubali.

Wenye umri wetu walikwisha kulionja hilo. Wengi tulikuwa na kadi ya pointi ya Nakumatt mikobani. Duka hilo kubwa liliingia mikononi mwa msimamizi wa mufilisi mwanzoni mwa mwaka 2018, rafu zikiwa tayari zimebaki tupu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura lifungwe. Wasambazaji, mabenki na wenye majengo walijulikana kuwa wadai. Mama aliyekusanya pointi kwa ajili ya vyombo vya Idi hakuwa na kiti katika mkutano ule. Na mwaka 2022 Safaricom ilipotangaza kwamba pointi za Bonga zilizopita miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023, nchi nzima ilishika simu kutazama ina ngapi. Wako waliokuwa hawajui kabisa kwamba wanazo.

Watu wakilalamika, jibu la upande wa pili huwa lilelile: hii ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Jibu hili lina nguvu yake, nasi hatutaki kulipita upande. Katika madhehebu yetu ya Kishafi hiba haimfungi aliyeitoa mpaka mpewa aikabidhiwe. Aliyesema "nitakupa" bado hajatoa. Lakini je, kadi ni hiba? Hakuna aliyetupa kadi kwa ajili ya mapenzi. Tuliambiwa: fanyeni jambo hili mara kumi, mtapata hili. Wanafikihi wanalo jina la ahadi ya ujira kwa atakayetimiza kazi fulani, nalo ni ju'ala, na humo aliyeikamilisha kazi huwa na haki ya kudai alichoahidiwa. Kama kadi ya gereji inaingia katika mlango huo au mwingine, hilo tunawaachia mashekhe. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Tunaloliona kwa macho ya kawaida ni kwamba Suratul Maida inafunguka kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba, na kwamba mihuri kumi inafanana na mkataba zaidi kuliko inavyofanana na sahani ya halua aliyoileta jirani.

Wahasibu, ajabu yake, wamelimaliza suala hili upande wao. Kenya inafuata kanuni za kimataifa za uhasibu, na kanuni namba 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, inaitaka kampuni inayotoa pointi zenye thamani ya kweli kwa mteja isihesabu malipo yote kuwa mapato siku ya mauzo. Sehemu ya fedha inawekwa kando, kama jukumu ambalo halijatimizwa, mpaka mteja atumie pointi au muda wake uishe. Kwa maneno mengine, katika vitabu vya kampuni kubwa pointi yako imeandikwa upande wa madeni. Ni kaunta peke yake inapobadilika kuwa ihsani. Kanuni hiyo hiyo inairuhusu kampuni kukadiria ni pointi ngapi hazitadaiwa kamwe, na kuziingiza katika mapato kwa kadiri hiyo. Usahaulifu wetu una safu yake katika daftari.

Gereji yetu ndogo huenda haina mhasibu wa kiwango hicho, na wala hatudhani kuna aliyekaa chini kupanga hila. Aghalabu mambo haya huja hivi: mwenye biashara anaona jirani ana kadi, naye anachapisha yake, masharti ananakili kutoka pengine, kijana wa kaunta anaajiriwa, anapewa muhuri, na hakuna anayemwambia kitu. Kutojua kwao kuliwafaa wao na kukatugharimu sisi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo au ya kupotosha. Ni nani atakayefunga safari ya sheria kwa ajili ya oili lita nne? Hata hivyo tumeona kwamba kulitaja neno "kifungu" kwa sauti ya upole kaunta humfanya meneja akae vizuri kitini.

Kuna mas'ala mengine ambayo akina mama wametuambia zaidi ya mara moja, nayo ni namba ya simu. Kadi za karatasi zinaondoka. Sasa kila mahali, gereji, pampu ya petroli, duka la dawa, pointi zinaingia kwa namba. Basi unaulizwa, "Namba yako, mama?" nawe uitamke kwa sauti, tarakimu kumi, mbele ya foleni ya watu usiowajua. Mmoja wa jamaa zetu alipigiwa simu jioni hiyohiyo na mtu aliyekuwa nyuma yake. Andikeni namba kwenye kikaratasi, mkachukue kikaratasi chenu mkiondoka. Mwenye kaunta akinuna, mwacheni anune. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zitatumika kwa kazi gani na haki ya kukataa zisitumike kukutangazia biashara.

Na zitazameni namba zenyewe ni za nani. Katika nyumba nyingi gari limesajiliwa kwa baba, na pointi pia, ingawa anayelipeleka servisi ni mama. Jirani yetu mmoja wa Kibokoni alitoka eda na kukuta pointi za miaka saba zimefungwa katika laini ya marehemu, iliyokwisha kuzimwa. Alitaka tairi mbili tu. Aliambiwa pointi hazihamishiki. Katika mirathi aligawiwa hata saa ya mkononi, mbele ya mashahidi. Lile tu lililotokana na safari zake mwenyewe za skuli ndilo lisilokuwa na mrithi.

Juma lililofuata tulirudi gerejini. Hatukwenda kugombana. Tulisubiri foleni iishe, tukaiweka ile kadi mpya juu ya kaunta, mihuri yake miwili ikitazama juu, tukamwomba meneja aandike nyuma yake mambo matatu: mwisho wa muda wake ni lini, servisi ya bure ina oili na filta ndani yake au ni kazi ya fundi tu, na kama mtu mwingine wa nyumba yetu ataweza kuitumia.

La kwanza alilicheka. "Nyinyi ni watu wetu, mama. Njooni hata miaka mitano."

"Basi liandike hivyohivyo, baba."

Akaandika: haina mwisho wa muda. La tatu naye akaliandika, akatia sahihi na kugonga muhuri pembeni. Alipofika kwenye oili na filta kalamu ikasimama. Alisema hilo si lake, lazima amuulize tajiri, naye yuko safarini. Kadi ilibaki kaunta. Tulimwachia namba ya simu kwenye kikaratasi, na huu ni wiki ya nne. Breki tulizipeleka Majengo, hazikuwa vumbi.